Eda Uliyoirudia

Mama yangu kipenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mkekani chumbani kwangu, hapa Changamwe, nimevaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja, na mwilini sina hata tone la mafuta mazuri. Ungeniona ungejua mara moja. Ndiyo, mama, niko edani. Mume wangu, Baba Salimu, ametangulia mbele ya haki, na leo mjane wa kukaa ndani miezi minne na siku kumi ni mimi, kama ulivyokaa wewe kule Likoni baba alipotutoka. Zimebaki siku chache nitoke.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Kufiwa nimefiwa, kulia nimelia, na pole nimepewa za kutosha. Lililonishikisha kalamu ni neno aliloniambia Mishi jana alasiri. Wallahi mama, nilikuwa nimeshika bakuli la uji, likaniponyoka. Uji mkeka mzima! Tangu jana nazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mara nacheka peke yangu, mara nalia peke yangu. Nimwambie nani? Wa kumwambia ni wewe, nawe hupo. Basi acha nikuandikie. Neno lenyewe nitalifikia, ila sina budi kuanza mbali kidogo, maana ukilisikia hivihivi halitakuingia.

Unamkumbuka Mishi wetu alivyokuwa? Kitinda mimba wako, mimi nimeshaolewa yeye bado anatambaa. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema. Mtaa ukasema zuzu, ukasema taahira, wengine wakasema amechezewa na wachawi. Wewe ukawajibu wote jibu moja: "Huyu ni Mishi. Ana jina." Ukamshika mkono, na ulipomshika hukumwachia tena. Kavunja ungo, msichana mzima, bado unamwogesha. Bado unamtolea miiba ya samaki. Mkitoka nje mkono wake uko ndani ya mkono wako, na usipokuwa mkononi mwako basi umeshika buibui lako. Mimi nilizoea kuwaona hivyo mpaka nikimwona mmoja peke yake nauliza mwenzake yuwapi.

Na ile tabia yake ya kunusa! Ananusa samaki, ananusa leso, ananusa wageni. Mtu hajakaa vizuri, Mishi ameshamsogelea begani, kavuta pumzi, anatangaza: "Bi Halima amekaanga papa." Wewe unafoka, "Mishi, wacha kunusa watu, una adabu gani?" Na Bi Halima, jirani yetu wa ukuta mmoja, anacheka mpaka machozi, maana kweli katoka kukaanga papa.

Halafu akaja Mwalimu Kanini. Mkamba wa watu, mfupi, sauti yake inasikika kabla hajaonekana. Katika shule moja ya msingi pale Likoni walikuwa wamefungua darasa la watoto kama Mishi, naye ndiye mwalimu wao. Ulikwenda kuliona hilo darasa, ukarudi umeshika kiuno. Nilikuwa nimekuja kukutazama siku ile, nakumbuka hata salamu hukunijibu.

"Kuna kitanda darasani!" ukasema. "Kitanda, na stovu, na beseni la kufulia. Wanafundishwa kutandika. Kwani mie nyumbani sina kitanda?"

Nami nilishangaa vilevile. Shule tuliyoijua sisi ni ubao na chaki na kuchapwa. Lakini Mwalimu Kanini hakutuacha tushangae kwa raha zetu. Alikuja nyumbani na lile buibui la kuazima alilojitupia ili akuheshimu, akaketi, akanywa chai yako, akakwambia kwa Kiswahili chake cha bara: "Mama, hii msichana siku moja atafanya kazi. Atakuwa na chumba yake." Chumba yake! Ulinitazama mimi, ukamtazama yeye, ukavuta leso mdomoni. Hukujua ucheke au umfukuze. Mishi, aliyekuwa hawezi kufunga kifungo!

Akakueleza namna anavyofundisha. Hili nalo lilituacha vinywa wazi. Alisema wao huanza mwisho, wanarudi nyuma. Kama ni chai, yeye mwalimu atawasha stovu, ataweka maji, atatia majani, atachuja, mtoto atabakishiwa kumimina tu kikombeni. Akishazoea kumimina, kesho anaachiwa kuchuja na kumimina. Hivyo hivyo, hatua moja nyuma kila mara, mpaka siku moja mtoto anajikuta amewasha stovu mwenyewe na mwalimu amekaa kitako. "Kila siku anamaliza yeye," akasema. "Anajua raha ya kumaliza." Kisha akauelekeza uso wake kwa mkono wako, uliokuwa umeshika wa Mishi hata pale mkekani, akasema, "Lakini mama, lazima utoe mkono."

Nawe ukamjibu, nakumbuka kama jana, "Nikishautoa niuweke wapi, mwalimu?"

Alicheka tu, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Mishi akaanza darasa, lakini wewe hukutoa mkono. Ulimpeleka asubuhi, ukakaa nje ya darasa chini ya dirisha mpaka saa ya kutoka, ukamrudisha. Akijifunza kuosha vyombo kule, nyumbani unaviosha wewe kabla hajavifikia. Mwalimu Kanini alikuwa akikuona dirishani anatikisa kichwa.

Ndipo baba akafa. Ghafla vile, katoka kazini mzima, kalala hakuamka. Siku ya hitima, watu wamekula wameondoka, ami yetu, ndugu yake baba wa Jomvu Kuu, akaomba kusema nawe. Ulikuwa nyuma ya pazia, mimi nimekaa ubavuni pako.

"Shemeji," akasema, "ukimaliza eda yako nitakuja kumchukua Mishi. Kule kwangu nyumba ni kubwa, watu ni wengi. Hapa nani atamwangalia? Nawe nguvu zinakwisha."

Ami hakuwa mtu mbaya, Mungu shahidi. Alisema kwa huruma. Lakini tulikujua kwake. Mishi angekaa uani, angeletewa sahani, na siku wenye nyumba wana shughuli angefungiwa mlango kwa nje ili asipotee. Darasa lingekuwa ndio basi. Sauti yako ilikuwa kavu.

"Nimekusikia, shemeji," ukamjibu. "Nikimaliza eda uje."

Nami nikarudi Changamwe kwa mume wangu na wanangu, roho imeninyong'onyea. Nilijua umeshakubali. Sikujua kitu, mama. Sikujua hata kidogo.

Kwa sababu wewe sasa ulikuwa huwezi kutoka. Mjane yuko ndani, na sukari iko dukani. Bi Halima akajitolea kukununulia mahitaji, na hapo ndipo ulipomwita ukamnong'oneza. Yote haya alinisimulia baadaye yeye mwenyewe. Siku za mwanzo alikuwa akileta kikapu mpaka mlangoni, Mishi anakipokea na kukuingizia. Kazi yake ni hiyo tu, kumaliza. Halafu Bi Halima akawa anakiacha kikapu baraza ya pili, Mishi anakifuata. Halafu kwenye kona. Halafu akawa anamngojea Mishi dukani kwa Mwarabu, vitu vimeshanunuliwa, yeye anabeba tu kurudi. Halafu vitu havijanunuliwa. Halafu Bi Halima hayuko dukani. Ulianza mwisho ukarudi nyuma, mama, kama yule mwalimu uliyemcheka! Na wakati wote huo umekaa nyuma ya dirisha, umeshika vyuma, midomo inasoma kila dua unayoijua.

Mimi sina habari. Nimekaa kwangu asubuhi moja nachambua mchicha, nasikia mlangoni, "Hodi, dada."

Nikainua macho. Mishi. Mishi peke yake, buibui limekaa upande, kikapu mkononi, mahamri yako ndani yamefunikwa kitambaa. Likoni mpaka Changamwe! Feri, mji mzima, barabara kuu ya malori! Nilipiga ukelele majirani wakatoka. Nilidhani umekufa. Nilidhani ametoroka. Nikamshika mabega, "Nani kakuleta? Mama ana nini?"

"Mama yuko eda," akasema. "Mahamri haya. Nipe maji."

Nikamwacha amesimama nikakimbilia nje, na nani nimwone amejibanza nyuma ya kibanda cha muuza mkaa, kafunika uso, anahema kama aliyekimbizwa? Bi Halima. Alikuwa amemfuata kwa mbali tangu feri, kwa amri yako. "Nyamaza," akaniambia, "usinionyeshe, nitakula maneno kwa mamako." Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la makaa.

Hapo ulikuwa umefika nusu ya eda yako. Ilipokwisha nikamshukuru Mungu, nikasema sasa mama atatoka, ami akija atakuta mtoto anajua njia, mambo yamekwisha. Ulikoga, ukabadili nguo, ukafukiza udi nyumba nzima, ukamchukua Mishi mkaenda sokoni pamoja. Nami nikangoja siku mbili tatu nikaja na zawadi yangu, kanga mpya ya kukupongeza.

Nikabisha hodi. Naingia, nakukuta mkekani na nguo nyeupe. Astaghfirullah! Nyeupe ileile! Nikaiangusha kanga.

"Mama, eda si imekwisha?"

"Imekwisha," ukasema. "Nimerudi."

Nimerudi! Kama mtu aliyesahau mwavuli. Nilikuuliza umerudi wapi, eda ni nyumba ya kupanga? Ukanivuta karibu, ukanisimulia kwa sauti ya chini maana Mishi alikuwa uani. Ulisema siku ile mmefika barabarani tu, Mishi kakushika buibui kama zamani. Sokoni kajificha nyuma yako. Muuza samaki aliyezoea kuzungumza naye kila siku kamwuliza, "Mishi, leo changu au tafi?" naye kimya, anatazama chini. "Yote yamepotea," ukaniambia, na machozi yanakutoka. "Kazi ya miezi, imepotea kwa siku moja ya kutoka na mimi. Na ami yake atakuja. Basi nimemwambia nilikosea hesabu, eda haijaisha. Nimevaa tena, na leo asubuhi kaenda mwenyewe, kanunua samaki, karudi."

Nilikulaumu, mama, hilo unalijua. Nilikwambia eda si mchezo, ni ibada, na kuirefusha si halali, na wanawake wa mtaa watasema umepagawa. Ukanikatiza. Wanawake wa mtaa ulishawaambia ukweli, kwamba eda umemaliza na sasa unakaa ndani kwa kupenda kwako. "Mungu anajua nimemaliza," ukasema. "Asiyejua ni Mishi peke yake. Na nguo nyeupe si haramu." Kisha ukaiokota ile kanga, ukainusa upya wake, ukaificha sandukuni. Nilirudi kwangu nimeshika kichwa, nikamwambia Baba Salimu, naye akacheka mpaka akapaliwa.

Ami akaja kweli. Mimi nilikuwepo, nilikuja makusudi. Akakaa barazani, akakuona kupitia mlango wazi, akashtuka kwa ile nguo lakini hakuuliza. Akasema gari la kumpeleka Jomvu limeshapatikana. Wewe hukubishana. Uliita tu, "Mishi!"

"Abee, mama."

"Ami yako hajanywa chai, na sukari hatuna."

Mishi akamsogelea ami begani, akanusa. "Ami anavuta tumbaku," akasema, akachukua kikapu akatoka. Ami akacheka kwa aibu. Tukakaa kungoja. Duka la Mwarabu liko pale kwenye kona, mtu anakwenda na kurudi kabla maji hayajachemka. Maji yakachemka. Mishi hajarudi. Ami akajikohoza. Maji yakapungua sufuriani, nikayaongeza. Mishi hajarudi. Mimi nikatoka mpaka mlangoni, nikatazama kona: duka limefungwa! Milango imepigwa komeo, na Mishi hayupo barabarani. Nikakutazama ndani, wewe hukuinuka mkekani. Umeng'ang'ania ukingo wa mkeka kwa mikono yote miwili, vidole vimekuwa vyeupe, lakini hukuinuka.

"Shemeji," ami akasema akisimama, "mtoto wa watu umeshampoteza."

Na wewe ukamwambia, "Kaa, shemeji. Chai bado."

Akakaa. Sijui kwa nini alikaa. Labda kwa ile sauti yako. Na tukiwa hapo hatupumui, Mishi akaingia kwa mlango wa nyuma, jasho linamtiririka, kikapu kichwani.

"Kwa Mwarabu wamefunga, wana msiba," akasema. "Nikaenda kule ng'ambo ya barabara. Kule sukari imefungwa kwa karatasi. Nimechukua."

Hakuna aliyemfundisha hilo. Si wewe, si Bi Halima, si Mwalimu Kanini. Ng'ambo ya barabara ya magari hajawahi kutumwa! Akapita kati yetu, akachuja chai, akatia sukari, akamimina, akampa ami kwa mikono miwili. Ami akanywa. Alipomaliza akaweka kikombe chini, akasema, "Sukari imezidi," akavaa viatu, akaaga. La Jomvu hakulitaja tena, siku ile wala siku nyingine. Wewe ulikwenda chooni ukafunga mlango, ukakaa huko muda mrefu.

Baada ya hapo hukukaa sana na ile eda yako ya uongo. Mwalimu Kanini alizunguka Likoni yote akimwombea kazi, akapata bekari ndogo ya mikate ya boflo, na mwenye bekari, Mzee Awadhi, akasema, "Nimpe msichana huyo moto? Aniunguzie banda?" Mwalimu akamwambia aanze mwisho. Mishi akaanza kwa kupanga boflo kwenye makasha. Siku moja katikati ya kupanga akainua pua, akasema, "Inaungua." Wenzake wakatazama, hawakuona moshi. "Inaungua," akasema tena. Wakafungua tanuri, tabaka la chini lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Tangu siku hiyo akakaa karibu na tanuri, na mpaka leo yuko hapo. Alipoanza kwenda kazini alfajiri, wewe ukamwambia, "Mishi, eda imekwisha sasa." Akasema, "Haya." Ukavaa ile kanga yangu. Tukadhani tumemaliza.

Na ulipofariki, mama, miaka kadhaa baadaye, mimi nilikuja na lori kuchukua vitu na kumchukua Mishi aje akae nami. Godoro lake nilishalikunja. Akalikunjua. Akatoa ufunguo kifuani, ameufunga kwa uzi, akaniambia mbele ya watu wote, "Mimi nina kwangu, dada." Nilirudi Changamwe na lori tupu. Nikawa sina usingizi, kila wiki nakwenda kumchungulia. Bi Halima yuko upande wa pili wa ukuta. Chumba kimefagiliwa, maji yamo, kitanda kimetandikwa kama kile cha darasani, pembe zimekunjwa.

Sasa nimefika kwenye lile neno.

Tangu niingie edani, wanangu wako mbali na kazi zao, anayenihudumia ni Mishi. Akitoka bekari anavuka feri, anapita sokoni, anakuja na kikapu na boflo ya moto, anauliza kesho nataka nini, anarudi kwake kabla giza halijaingia. Jana kaja kama kawaida. Amevua viatu, kanisogelea begani, kanusa.

"Dada, wewe hunukii."

"Niko edani, Mishi. Mwenye eda hajitii manukato."

"Mama alinukia."

Nikamwambia amesahau, wewe ulishika eda yako barabara. Akatikisa kichwa kwa ule ukaidi wake.

"Ile ya kwanza hakunukia. Ile ya pili alinukia. Nikirudi na kikapu, mama ananukia udi. Kwenye nywele. Anafukiza nikiwa sokoni."

Mama! Udi wako! Ulikaa miezi bila udi, eda ikaisha, ukashindwa kujizuia. Ulikuwa ukingoja atoke, unajifukiza, unavaa tena nyeupe yako, unakaa mkekani na uso wa huzuni. Nilianza kucheka. Halafu kicheko kikanikauka.

"Mishi, kwa hiyo ulijua eda imekwisha?"

"Nilijua."

"Ulijua anakudanganya?"

"Ehe."

"Sasa mbona hukusema?"

Alikuwa akipanga boflo kabatini. Hakugeuka hata kunitazama.

"Mama akitoka ananishika," akasema. "Hapa." Akajishika kifundo cha mkono, akakikaza. "Tulikwenda sokoni. Barabarani akanishika. Yule wa samaki kaniuliza, nikafungua mdomo, mama akasema yeye. Kaniuliza tena, mama akasema yeye. Nikanyamaza. Akikaa ndani mimi nakwenda mwenyewe. Nikasema akae."

Nikasema akae! Hapo ndipo bakuli liliponitoka.

Miaka yote hii, mama, tumesimulia kwamba Mishi alikushika buibui. Wewe umesimulia hivyo, mimi nimesimulia hivyo, Bi Halima anasimulia mpaka leo. Na wewe ulikuwa unasema kweli yako, najua. Hukujua mkono wako umefanya nini. Ulidhani umejifungia ndani ili umfundishe. Kumbe yeye naye amekufungia ndani ili ajifunze! Anakuja na kikapu chake, ananusa udi wako mlangoni, anakukuta umejiinamia, na anakwambia, "Mama, pole na eda." Pole na eda! Mtoto waliyesema hana akili. Amekutunzia siri yako mpaka umeingia kaburini, hakukuaibisha hata siku moja. Nani alimfundisha hiyo? Darasani kulikuwa na kitanda na stovu na beseni. Hiyo haikuwemo.

Nimekaa na uji wangu mkekani, nalia. Mishi akaleta kitambaa, akapangusa, akakikamua nje, akarudi. Akauliza nikitoka eda nitakwenda wapi kwanza. Nikamwambia kwake. Nitavuka feri niende Likoni, nilale kwake, nile boflo yake, tuzuru majirani. Akafurahi. Akavaa viatu, akachukua kikapu kitupu. Alipofika mlangoni akasimama kidogo, kama anayetafuta namna ya kusema jambo asiniudhi.

"Dada," akasema, "ukitoka usinishike."

Akaenda zake.

Nilikwenda dirishani, mama. Nimeshika vyuma kama ulivyovishika wewe. Nikamwona anafika barabara ya malori, anasimama, anatazama huku, anatazama kule, anavuka. Mkono wangu nikauona uko nje ya dirisha, umenyooka hewani, vidole vimefumbuka. Sikujua nimeunyoosha saa ngapi. Nikaurudisha ndani.

Ulimwuliza Mwalimu Kanini ukishautoa mkono uuweke wapi, naye akacheka tu. Hata mimi sijui. Lakini inshallah siku ile nitakapotoka, yeye atatembea mbele na mimi nyuma yake, tukifika feri, tukifika barabarani, nitamwomba anipe kikapu. Nitakishika kwa mikono yote miwili mpaka tufike kwake.

Pumzika, mama, usiinuke tena mkekani. Mtoto yuko njiani na chai bado.

Mimi binti yako mkubwa,
dada yake Mishi.